Kijana Aliyeikataa Pikipiki

Mwezi Mei mwaka jana nilimwita mtoto wa marehemu kaka yangu aje nyumbani kwangu hapa Kasumulu, nikamwonyesha pikipiki. Nilikuwa nimeiegesha chini ya mwembe, nimeiosha mwenyewe asubuhi kwa sabuni ya unga mpaka rimu zinang'aa. Boxer nyekundu, imetembea kiasi lakini injini haijawahi kufunguliwa. Nikamwambia, "Mwanangu, chombo hiki hapa. Mkataba wa kawaida ni miezi 15. Kwa kuwa ni wewe, nafanya 12. Ukimaliza unachukua kadi, ni chako."

Ana miaka 21. Kamaliza kidato cha nne, hana kazi ya kueleweka, analima mpunga wa mama yake na siku nyingine anabeba mizigo mpakani. Aliizunguka ile pikipiki mara moja, akashika kiti, akaondoa mkono. Kisha akasema kwa adabu zote, "Ndaga, baba mdogo. Ila mimi pikipiki ya mkataba, hapana."

Nilikasirika, jamani. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia wenzake wanapanga foleni kuomba nafasi kama hiyo, tena kwa watu wasio ndugu zao. Akasikiliza mpaka nikachoka, akaniaga, akaondoka kwa miguu. Hasira ile ilikaa nami wiki nzima, na kila nilipoichimba nilikuta chini yake kuna kitu kingine, ambacho sikukipenda. Ndicho kilichonifanya niandike.

Usiku ule, kwa kutafuta mtu wa kukubaliana nami, niliingia kwenye simu kusoma habari za vijana na pikipiki. Nikakuta kumbe huko Marekani wenye viwanda wanalia kwamba vijana hawaingii tena kwenye pikipiki. Mwaka 1990 umri wa kati wa wenye pikipiki kule ulikuwa miaka 32, yaani nusu yao walikuwa chini ya hapo. Mwaka 2018 umefika 50. Wanatoa sababu nyingi: bei, bima, mikopo ya chuo, woga wa barabara, vijana kuona raha yao iko kwenye simu. Nilisoma nikacheka peke yangu. Huko pikipiki ni starehe, na kijana anaiacha kama anavyoacha kwenda kuogelea. Huku kwetu nani aliwahi kukaa akaamua "kuanza kuendesha pikipiki"? Vijana wetu wanaingia kwenye pikipiki kama tunavyoingia masika. Yanafika, unajikuta ndani.

Ndiyo maana "hapana" ya yule kijana ilinishtua. Hapa kwetu kukataa pikipiki hakuna jina. Ukikataa kulima unaitwa mvivu, ukikataa shule unaitwa mtoro. Ukikataa pikipiki unaitwa nini?

Haikuwa hivi zamani. Mimi nimekua wakati pikipiki ilikuwa na heshima. Alikuwa nayo padri, mratibu elimu, bwana shamba. Tuliiita tukutuku, na ukiisikia mbali kwenye mpunga ulijua serikali au kanisa linakuja. Kaka yangu, baba wa huyu kijana, alikuwa bwana shamba, na Honda ya ofisi ndiyo iliyonifundisha kuendesha, kwenye njia za mashamba kule Ipinda. Sijawahi kupata raha ile tena. Mpunga umekomaa pande zote mbili, harufu yake inakupiga usoni ikichanganyika na petroli, kaka amekaa nyuma anakupigia kelele, "Punguza! Punguza!" na wewe husikii. Pikipiki ile ilikuwa ya ofisi, kazi ilikuwa ya mshahara, na mafuta yalikuwa ya serikali. Tulichobakiza sisi ni upepo tu.

Wananchi wa kawaida walikuwa na baiskeli. Kyela ni tambarare, mtu hahitaji mapafu ya Mrungwe kupiga pedeli, na kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyobeba abiria na magunia kwenda na kurudi mpakani. Wenzetu wa ng'ambo ya Songwe, upande wa Karonga, wana jina lao, kabaza, na mpaka leo wanaliita hivyo, iwe baiskeli au pikipiki. Jina tunalotumia sisi lilizaliwa kwenye mpaka mwingine, Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960 na 1970, ambapo vijana wa baiskeli walivusha watu lile eneo la katikati lisilo la nchi yoyote, wakiita abiria wa boda kwa boda. Mimi ninayeishi mpakani naliona linatufaa. Kijana wa bodaboda ni mtu wa katikati. Si mwajiriwa, si mfanyabiashara, na hesabu zake hazilali kwake.

Pikipiki za Kichina na za Kihindi zilipoanza kuingia kwa bei ya watu, baiskeli za abiria zikarudi nyuma, mwaka 2010 serikali ikatunga kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, na wanasiasa wakapata neno zuri: kujiajiri. Kila mkutano unalisikia. Vijana wamejiajiri kwenye bodaboda.

Nimefundisha Kiswahili miaka 29, na neno hilo linanisumbua. Kiambishi -ji- kinarudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe. Anayejiosha ndiye anayeosha na ndiye anayeoshwa. Sasa kijana anayeamka saa kumi na moja, akapeleka 10,000 kwa bosi kabla hajala chake, na asipopeleka siku tatu ananyang'anywa chombo, huyo kajiajiri wapi? Ana bosi. Asichokuwa nacho ni vile vitu ambavyo bosi kwa kawaida hutoa, yaani mshahara, likizo na matibabu. Tumechukua nusu ya ajira, ile inayoumiza, tukaibandika kiambishi.

Kwa msomaji asiyeujua mkataba, upo hivi. Bosi ananunua pikipiki. Kijana anapeleka hesabu ya kila siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi waliyokubaliana. Mafuta ni yake, oili ni yake, tairi ni yake, faini za barabarani ni zake. Ukiisha mkataba pikipiki inakuwa yake, ikiwa wakati huo bado ni pikipiki. Bosi anaishi vizuri na dhamiri yake kwa sababu kijana mwenyewe alikuja kuomba. Najua, maana bosi ni mimi.

Ile Boxer niliyoiosha chini ya mwembe haikuwa mpya. Niliinunua Januari mwaka juzi kwa 2,600,000, akiba yangu na gunia kadhaa za mpunga, nikampa kijana mmoja wa jirani aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Hesabu 10,000, siku 390. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Siku za mvua alikuja na noti zimelowa, anazitandaza mezani kwangu moja moja kama anaanika dagaa. Mwishoni mwa Novemba, usiku, alikuwa anatoka Ibanda na abiria na gunia la mchele, mvua inanyesha, likaja lori la kwenda Malawi na taa zote zimewaka. Akajikuta mtaroni. Abiria alichubuka tu. Yeye mguu ulivunjika mara mbili, chini ya goti na juu yake.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Nilipeleka matunda, nikapeleka 50,000, nikakaa, nikamwombea. Na wiki ya pili ya Desemba nikatuma mtu kuichukua pikipiki kwao. Mkataba ulisema siku tatu, mimi nilikuwa nimevumilia wiki mbili, na nilijiona mtu mwema kwa hizo wiki mbili. Hakuna aliyenilaumu. Baba yake mwenyewe alisaidia kuisukuma mpaka barabarani.

Huyo ndiye mwenye kiti alichokishika mtoto wa kaka yangu.

Mwezi Juni nilimfuata kijana wetu shambani kwa mama yake. Nilijiambia nakwenda kuangalia mpunga. Tulikaa kwenye tuta, akanieleza bila kupandisha sauti.

"Baba mdogo, mimi pikipiki naipenda. Ningekuwa na ya kwangu ningeendesha mpaka Matema na kurudi, bila abiria, basi tu. Lakini ile naijua. Ilikuwa ya fulani. Tulikuwa tunacheza naye mpira."

"Ilikuwa yangu," nikamwambia.

Akafikiri. "Ndiyo. Ilikuwa yako."

Nilirudi nyumbani nikatoa daftari. Sijui kwa nini sikuwa nimelitoa mapema, au labda najua. Siku alizolipa yule kijana zilikuwa 286. Mara 10,000 ni 2,860,000. Pikipiki niliinunua 2,600,000. Siku ninamtuma mtu akaichukue, alikuwa ameshanirudishia pesa yangu yote na 260,000 juu yake. Kuitengeneza fork na taa ilinigharimu 180,000. Hata hapo alikuwa bado amenizidishia 80,000. Na mimi nikaiosha, nikaiweka chini ya mwembe, nikataka kuiuza mara ya pili kwa damu yangu mwenyewe.

Sasa nisikilize upande wangu pia, maana sitaki kujipiga kifua kwa ajili ya wasomaji. Hela ile ilikuwa akiba yangu. Pikipiki huibiwa, huvushwa mto usiku na hutaiona tena, na mto wenyewe kila masika unahama njia mpaka serikali mbili zinakaa vikao kuhusu kingo zake. Mtu akiweka 2,600,000 mahali pa hatari namna hiyo ana haki ya kupata faida. Na tulikubaliana, watu wazima wawili, tukasaini, mashahidi wapo. Wapo watakaosema, makubaliano ya hiari yakishafanyika, haki imetendeka, mengine ni huruma, na huruma ni ya mtu binafsi.

Nimelifikiria sana hilo neno hiari. Shuleni, miaka ya 1970, tulikaririshwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 mpaka tukaliota. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tulichora mabepari wenye mirija midomoni. Nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora mirija. Lile somo sasa ni la makumbusho, na sina hamu ya kurudi kwenye foleni za sukari. Lakini swali lake moja lilikuwa la kweli na halikuhusu hiari hata kidogo. Liliuliza nani anafanya kazi na nani anakula. Mpangaji naye anaingia nyumbani kwa hiari. Hakuna anayelala nje akikusubiri wewe umalize falsafa.

Mimi naona kosa la mkataba haliko kwenye bei. Hata ningemtoza 7,000, au ningempa miezi 10, kosa lingebaki. Liko hapa: tumegawana faida, lakini kuanguka hatukugawana. Nilipoandika ule mkataba kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, niliandika nini kitatokea asipolipa, akiipoteza, akimpa mtu mwingine. Sikuandika chochote kuhusu mwili wake. Na barabara ile ya malori naijua, mvua za Kyela nazijua, tena sasa hivi nimezitaja hapa kwa ufundi wote. Nilijua ataendesha usiku, kwa sababu hesabu ya 10,000 haitimii mchana peke yake. Hatari niliiona vizuri nilipopanga bei. Nilipopanga nani aibebe, sikuiona.

Kuna kitabu ambacho Mnyakyusa anayependa kusoma hukutana nacho siku moja na kushangaa kwamba kumbe tulikuwa hivyo. Ni cha Monica Wilson, kinaitwa Good Company, kilitoka mwaka 1951, kutokana na utafiti aliofanya na mumewe Godfrey miaka ya 1930. Kinaeleza vijiji vya rika. Wavulana wakifikia miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda pamoja pembeni ya kijiji, wakalala huko na wenzao, wakizunguka kula kwa mama wa huyu na mama wa yule. Wakikua wakaoa hapohapo. Kisha mara moja kwa kizazi ilifika siku ya ubusoka, wazee wakakabidhi uongozi wa nchi kwa watoto wao, wakasogea, vijana wakapata ardhi.

Ukisoma haraka unaweza kulia kwa uzuri wake. Ukisoma taratibu unakuta wazee wale hawakuwa malaika. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba, na bila ng'ombe kijana haoi. Kwa hiyo alilima shamba la baba miaka na miaka akisubiri, wakati baba anaoa mke wa tatu. Nani hauoni mkataba hapo? Hesabu ya kila siku ilikuwa jembe, na kadi ilikuwa ng'ombe. Sisi hatukuvumbua kuwaweka vijana wakingoja.

Ila kijana wa zamani akivunjika mguu, ng'ombe wa baba walibaki ng'ombe wa nyumba yake. Hakuna aliyetuma mtu kuja kuwafungua. Na ipo ile siku ya kusogea, ambayo naitafuta kwenye maisha yangu siioni. Mimi nina mshahara, shamba la mpunga, miche ya kakao, nyumba, na mpaka juzi pikipiki moja ya kukodisha. Kijana wetu ana mikono. Nilipomwita chini ya mwembe nilidhani nampa nafasi. Nafasi niliyompa ni ya kuja kufanya kazi chini ya vile nilivyokwisha kuvikalia.

Wengine wameshanijibu, kwenye kilabu na hata ofisini kwa walimu. Wanasema kijana anayekataa pikipiki ataangukia kwenye magendo au pombe, bora mguu uvunjike kwa kazi halali. Sina jibu la kuwanyamazisha. Yule wetu hajaangukia kokote, anabeba mizigo na analima, lakini ni mmoja, na ana mama mwenye shamba. Asiye na shamba la mama anasema ndiyo. Nilichokoma kuamini ni kwamba "ndiyo" ile inaniambia chochote kuhusu usawa wa ninachompa.

Julai nilikwenda kwa yule kijana wa kwanza, na kadi ya pikipiki mfukoni, Boxer nikaiendesha mwenyewe polepole kama mzee. Mama yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akaleta ndizi na samaki. Kijana akatoka na fimbo. Mguu haukunji sawasawa. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, sauti ikanikwama.

Nikamweleza daftari, siku 286, nikaweka kadi mezani, nikasema tutakwenda kubadilisha jina, gharama ni zangu. Hakushangaa. Alikuwa ameshazipiga zile hesabu zamani, akiwa kitandani, akazikuta hivyohivyo. Aliitazama kadi mbele na nyuma.

"Kuendesha siwezi tena, mwalimu."

"Najua. Uza, ufungue duka."

"Nikiuza hela itaisha." Akanyamaza kidogo. "Nitampa mtu mkataba. Yupo dogo mmoja hapo jirani ananisumbua kila siku. Wewe una mwandiko mzuri. Niandikie kama ule wangu."

Nilitafuta la kusema. Nikamwambia nitaandika, ila tuongeze kifungu: mwendeshaji akiumia, siku zisihesabiwe, chombo kimsubiri, na matibabu bosi achangie nusu. Alifikiri muda mrefu akiutazama mguu wake.

"Hicho weka," akasema. "Nusu ni nyingi, weka robo. Na kile cha siku tatu kibaki."

"Siku tatu ni chache. Tuweke 14."

"Mwalimu, wewe huwajui hawa vijana."

Tukaishia siku saba. Niliandika nakala mbili kwenye karatasi za mtihani, zile zenye mistari, baba yake akawa shahidi wa upande wake na mimi nikasaini chini yake. Yule dogo aliitwa, akaja anakimbia, akasaini bila kusoma. Ana miaka 19.